Shingo ya Kijivu

Nikisikia harufu ya ngozi mbichi iliyolowa mvua, hata niwe stendi ya mji nisioujua, narudi Mollo, kwenye zizi la Kijivu, maksai wetu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikwenda msibani Chala, na mama alihitaji kuni. Kwa ujuaji wangu nikamfunga Kijivu peke yake kwenye nira ya ng'ombe wawili, nikamkokotesha gogo toka bondeni. Upande mmoja wa nira ulining'inia, uzito wote ukamlalia shingoni. Mimi najisifu njia nzima. Mama Tuma, jirani yetu, akacheka: "We binti, baba yako akirudi atakuta umeoa!"

Nilipomfungua nikaona shingo imechubuka. Nikapaka majivu. Rangi yake ni ile ile, nani angejua?

Baba alirudi kesho yake na mvua ya kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kijivu hajambo?"

"Hajambo."

Ndugu zangu, ni hilo neno moja tu. Alfajiri, ukungu haujainuka, baba akamfunga na mwenzake wakaingia shambani. Siku ya pili Kijivu alipiga magoti mbele ya plau, akakataa kuinuka. Nira ilikuwa imekula mpaka nyama. Baba naye akapiga magoti, akamfuta tope usoni.

"Nisamehe, mzee mwenzangu. Mikono yangu imezeeka, haijui tena kufunga nira."

Nilisimama nyuma yake na kibuyu cha mbegu.

Wiki ile Kijivu aliuzwa kwa mchinjaji wa Majengo. Baba hakufunga ng'ombe tena. Plau aliwaachia vijana wa jirani, yeye akarudi kwenye jembe la mkono.

Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni misuse na abuse, akauliza tofauti. Darasa likabishana, wengine wakasema ni yale yale. Akaeleza kuwa la kwanza ni kutumia kitu isivyopaswa, pengine kwa kutojua tu. La pili ni kukitesa. Wenzangu waliandika. Mimi niliona gogo, kisha nikaona majivu.

Nimehamahama miji mingi tangu hapo. Nikipita Mollo husimama kaburini, nasema shikamoo baba, halafu maneno yanaishia hapo. Alizikwa na mikono ile, akiamini ndiyo yenye kosa.