Kidude cha Njue na Leso Sita

Kabla hamjanicheka, niulizeni kwanza ni nani aliyemlea Kaari. Ni mimi, Ruguru, Tata wake, kama tunavyomwita mama mkubwa huku kwetu. Mamake, dada yangu mdogo, alituacha Kaari akiwa darasa la tatu. Nikamchukua hapa kwangu Kibugu, nikamlisha, nikamsomesha kwa majani chai, nikamtafutia cherehani akajua kushona. Kwa hivyo mtu akitaka kumwoa ni lazima apitie kwangu, na mlango wangu si mpana.

Sasa huyo Njue. Mwembamba, mpole, miaka thelathini na mbili, kazi yake ni kutafuta mafaili kwenye stoo ya ofisi moja pale Embu mjini. Hanywi, havuti, hapigi kelele. Ungedhani ni malaika. Lakini mfukoni alikuwa na kidude. MP4, vile vitu vya kusikilizia nyimbo ambavyo watu walivitupa simu za kisasa zilipokuja. Kioo kimepasuka kwenye kona, batani moja ameibandika kwa gundi ya viatu. Alikinunua akiwa chuoni na hakutia hata wimbo mmoja ndani. Alijaza michezo ya zamani, ile ya picha za vijisanduku: gari linalokwepa mawe, nyoka anayekula mpaka ajiume mkia, na tofali zinazoanguka kutoka juu ukizipanga zisijae. Ukimuuliza kwa nini hachezi kwenye simu kama wenzake, anakujibu, "Simu ina watu ndani, Tata. Hii haina." Mtu mzima huyo!

Kaari alikutana naye kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Alienda ofisini, akaambiwa sistimu imelala. Siku ya pili, bado imelala. Siku ya tatu Njue akamwonea huruma, akampa kidude apitishe wakati pale kwenye benchi. Kufika saa nane, Kaari alikuwa ameipita rekodi ya Njue ya tofali, rekodi aliyoilinda miaka kumi na mmoja. Njue akaja kuangalia, akaketi kando yake, na faili alilotumwa siku hiyo halikuonekana. Cheti kilitoka wiki iliyofuata. Kaari aliendelea kwenda kukifuata kwa miezi minne.

Alipoletwa kwangu mara ya kwanza nilipika mukimo na kuku. Kaka yangu Nyamu, ambaye ndiye mzee wa nyumba yetu, akafumba macho aombee chakula. Maombi ya Nyamu si mafupi, yanapitia kila mgonjwa wa kata hii kwa jina. Hajafika nusu, nikasikia ti-ri-ri-ting! Nikafungua jicho moja. Njue ameficha mikono chini ya meza, vidole gumba vinakimbia. Na Kaari wangu kando yake, macho yote mawili wazi, anacheka kimya kimya na kunong'ona, "Geuza! Geuza, weka kushoto!"

Amina ilipoitikiwa tu nikanyoosha mkono. "Leta hapa."

Akanipa kwa mikono miwili, kichwa chini. "Pole, Tata." Hata hakubishana! Mtu asiyebishana huniudhi zaidi.

"Utakipata baada ya harusi," nikamwambia, "kama harusi itakuwepo."

Nitasema ukweli, maana siku hizi sina la kuficha. Hayakuwa maombi yaliyoniuma. Ni kile kicheko. Mtoto niliyemlea alikuwa akicheka jambo nisilolijua, ndani ya nyumba yangu, na mimi nimekaa pale kama mgeni.

Basi nikamchimbia shimo. Kwetu, siku ya mahari, wanawake kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, na bwana harusi anaambiwa amtoe wake. Akikosa, analipa mbuzi, watu wanacheka, anajaribu tena. Mimi nikaenda kwa Nyamu. "Mbuzi ni nini? Huyu ana akili ya mtoto wa chekechea. Mpe nafasi moja. Akikosa arudi kwao, tuongee tena mwaka ujao." Nyamu anapenda sana kuonekana mkali. Akakubali, akatangaza mbele ya watu, na Nyamu akishatangaza hawezi kurudi nyuma. Harusi ilikuwa imepangwa Desemba. Gauni Kaari alikuwa amelishona mwenyewe, linaning'inia nyuma ya mlango. Alilia siku mbili. Nikamwambia mwanamume anayekupenda hawezi kukukosa.

Na kile kidude kilikuwa wapi? Kwenye kabati la vikombe. Siku ya tatu nikakitoa, nikipangusa vumbi tu. Nikabonyeza. Kikaimba. Nikasema, "Shindwe!" nikakirudisha. Baada ya chai nikakitoa tena nione kama kimezimika vizuri. Zile tofali zikaanza kuanguka, nami siwezi kuona kitu kinapangwa vibaya nikanyamaza. Mimi ni mtu ambaye hupanga kuni na zikapangika! Kwenye skrini palikuwa na majina mawili: KAARI, elfu arobaini na sita na mia mbili. NJUE, elfu thelathini na nane. Nikasema, hawa watoto wanaringia nini?

Baada ya wiki moja nilikuwa nakwenda nacho kituoni kupeleka majani. Mnajua lori la kiwanda linavyochelewa, unaweza kukaa na kikapu chako mpaka matako yafe ganzi. Nilijifunika shali, kichwa nimeinamisha, midomo inasema "kushoto, kushoto". Gladwell, jirani yangu, akauliza nasikiliza nini. Nikamwambia Neno. Mungu anisamehe. Gladwell hana siri, Jumapili Nyamu akasimama kanisani akawaambia vijana waige mfano wa dada yake, ambaye hata kwenye foleni ya majani haachi Neno. Waumini wakanipigia makofi. Siku iliyofuata karani wa kituo alikirudisha kikapu changu chote, akasema nimechuma mabua kama mbuzi, maana hata shambani mkono mmoja ulikuwa na kidude.

Siku ya mahari ikafika. Nilijipanga, wacha! Wanawake sita wa kimo kimoja, soksi za shule miguuni ili asisome vidole, leso zimefungwa mpaka chini. Simu zote nilizikusanya kwenye beseni, kwa sababu wasichana wa siku hizi simu inalia chini ya leso na bwana harusi anafuata mlio. Ila wa sita, Joyline, aliamka na jino, shavu limevimba, hata ndani ya leso lingeonekana. Mimi na Kaari tuna kimo kimoja. Nikaingia mwenyewe.

Tukaketi kwenye benchi ndani ya hema, tumefunikwa, tukingoja wanaume wamalize. Wapi! Walibishana juu ya mtamba mmoja saa nzima, kama ana mimba au ameshiba tu. Ndani ya leso kuna joto na giza. Kidude kilikuwa mfukoni mwa aproni. Wallahi, kama wasemavyo Waislamu wa mjini, mkono uliingia wenyewe.

Nilipunguza sauti mpaka mwisho. Nilidhani nimepunguza. Kumbe ile batani iliyobandikwa kwa gundi ndiyo ya sauti, na haishuki.

Nilikuwa nacheza vizuri ajabu. Elfu thelathini na tano. Thelathini na sita. Nilisikia watu wakiimba, nilisikia miguu ikipita mbele yetu, ikaenda mpaka mwisho wa benchi, ikarudi polepole, ikasimama mbele yangu. Mkono ukanigusa bega. Sauti ya Njue, kwa furaha, ikasema, "Ni huyu."

"Niache!" nikapiga kelele. "Usiniguse, niko leveli ya tisa!"

Leso ikavutwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nami niliingia mbele ya koo mbili, wapishi, na mchungaji. Njue alikuwa mweupe kama unga. Mimi vidole bado vilikuwa vinabonyeza.

Watu walicheka mpaka vigingi vya hema vikalegea. Nyamu hakucheka. Alisimama na bakora yake, akakitazama kidude, akanitazama mimi. "Ruguru. Na hilo ndilo Neno ulilokuwa ukilisikiliza?"

Akawageukia wageni. "Mimi nilisema nafasi moja. Kijana amekosa. Tutaonana mwaka ujao."

Hapo kicheko kikakatika. Na katika ule ukimya nikasikia mtu analia chini ya leso mojawapo. Polepole, akijizuia, akivuta pumzi mara mbili mbili. Wengine hawakujua ni nani. Mimi nilikijua kilio hicho tangu darasa la tatu, tangu usiku ule aliponiuliza mamake atarudi lini. Nikaona aibu ambayo haikuhusu kidude hata kidogo.

Nikasimama na soksi zangu za shule. "Kaka, ulisema achague mke. Kwani amechagua mke? Huyu amefuata mali yake. Ng'ombe wako akilia kwenye zizi la jirani utapita tu? Kidude ni chake, mwizi ni mimi. Na shauri la nafasi moja lilikuwa langu pia, wote wasikie. Mtoto huyu hajachagua bado."

Wazee wa upande wa Njue wakaanza kutikisa vichwa, eehe, eehe, mama amesema. Nyamu akakuna kidevu. Alitaka mlango wa kutokea, nami nilikuwa nimempa. "Haya," akasema. "Achukue mali yake, kisha achague. Mara moja!"

Njue akakichukua kidude kwa mikono miwili, kama alivyonipa. Kaari alikuwa ameshanyamaza. Leso tano zimekaa kimya, zote sawa, kazi yangu mwenyewe. Nikajisemea, amekwisha huyu. Yeye akaangalia skrini, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Tata umejaribu sana," akasema kwa sauti ya kusikika. "Umebakisha kidogo tu umpite Kaari. Rekodi yake ni elfu thelathini na nane."

Nikafungua kinywa nimrekebishe, kwa maana mimi nayajua hayo majina mawili. Akanikonyeza. Njue! Kunikonyeza mimi!

"Wee!" Leso ya pili kutoka kushoto iliruka juu. "Thelathini na nane ni yako! Yangu ni arobaini na sita na mia mbili, usinipunguzie mbele ya watu!"

Njue akamshika mkono kabla hajamaliza kusema. Nilipiga vigelegele mimi wa kwanza, nikapaliwa, nikapiga tena.

Desemba walioana. Desturi inataka aliyemlea bibi harusi apewe blanketi, na Njue aliniletea, zito, la rangi ya damu ya mzee. Nilipolifunua nikakuta kidude katikati, na chaja yake. Kwenye skrini ameongeza jina la tatu, RUGURU, kwa herufi kubwa.

Njue nimempita kitambo, sasa niko elfu arobaini na tano. Nyumba hii imekuwa kubwa tangu Kaari ahamie Embu. Hupiga simu Jumapili, anauliza kama nimekula, anauliza nimefika wapi, tunacheka. Lakini ninamjua mtoto wangu. Siku nitakayoipita rekodi yake hatapiga simu, atapanda gari siku hiyo hiyo aje hapa kuikomboa. Ndiyo maana najaribu kila siku.