Haya ya Mkojo wa Rangi ya Mawese

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka bado nakasirika. Tulikuwa tunakamua mawese huko Minago, Burundi. Nilikuwa naumwa kifua kikuu, nimepewa vidonge vya miezi sita, na vidonge vile hugeuza mkojo ukawa mwekundu. Nikaenda nyuma ya mashine kukojoa. Melikioro, niliyekuwa nakamua naye, akanichungulia, akapiga kelele:

"Njooni muone! Zakaria anakojoa mawese! Leteni bidoni tukinge!"

Wakacheka wote. Tangu hapo wakaniita Bidoni. Nikaona haya. Siku za kazi sikumeza, nikawa nameza Jumapili tu. Nikamuuliza Nestori, mwenye duka la dawa, kama hiyo inatosha. "Kikohozi si kimekwisha? Weye umepona, muzee," akasema. Namtaja jina, maana mpaka leo anauza.

Kikohozi kikarudi. Safari hii nilimeza kila siku, vidonge vilevile, visifanye kitu. Wakapima makohozi. Mama wa labo akaniuliza kazi yangu, kisha akanieleza:

"Papa, kile kijidudu iko na mashine yake ndani, kama yenu. Dawa ni jiwe. Linakwama karibu na mdomo wa mashine, kazi inasimama. Lakini vikizaliana vingi, kimoja hutoka na mdomo uliopinda kidogo. Jiwe halikai tena. Chikichi zinapita."

"Dawa ndiyo ilikipinda?"

"Hapana. Kilizaliwa hivyo, bahati tu. Ungemeza zote kila siku, dawa nyingine iliyo ndani ya kidonge hichohicho ingekishika mahali pengine, kingekufa na wenzake. Weye uliua wenzake tu, ukakiachia shamba."

"Na kupinda hakukisumbui?"

"Mara nyingine kinakamua polepole. Lakini kinakamua."

Mimi shule niliiacha darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, lakini hilo nililielewa. Nilipona baada ya muda mrefu, kwa sindano zilizoniua sikio la kushoto. Mke wangu Esperansia hakupona. Kijidudu nilichomwambukiza kilikuwa kimeshapinda tayari. Yeye hakuruka hata kidonge kimoja, na dawa za kwanza hazikumsaidia. Tulipojua, mwili ulikuwa umekwisha. Melikioro alikuja msibani, akala. Wenye kosa ni yeye, na Nestori, na mimi kuliko wote, maana vidonge vilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa wewe umeanza vyako wiki hii, nami nimesikia unavificha kwa sababu ya mchumba wako. Mwambie leo. Mwambie na rangi ya mkojo, aijue kabla hajaiona. Akikimbia, muache akimbie, wewe meza. Meza ukiwa mgonjwa, meza ukijisikia mzima, mpaka muganga wa hospitali aseme basi, si muuza duka. Na ukimuona mwenzako anameza, usimcheke.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu, na akupe watu wa kukuuliza "umemeza?" kabla hawajakupa salamu ya amahoro.