Novemba Ndefu ya Baba

Baba yangu ana kilo themanini, mimi nina hamsini na nne. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi wanaonipa ushauri wa kumtunza mgonjwa hawajawahi kumgeuza mtu mzima kitandani. "Uwe unamtoa nje apate hewa," wananiambia. Tunakaa ghorofa ya tatu, Mchafukoge, ukingoni mwa Kariakoo, jengo la zamani lisilo na lifti, ngazi zake nyembamba na zina giza hata saa sita mchana. Huwa naitikia tu, nasema nitajitahidi. Zamani nilikuwa nabishana nao, sasa sina nguvu hizo.

Kiharusi kilimpata dukani kwake Kariakoo, amesimama nyuma ya kaunta anabishana na mteja juu ya bei ya bawaba. Alikuwa ameuza misumari, makufuli na skrubu kwa miaka zaidi ya arobaini. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, duka likachukuliwa na mpangaji mwingine, na mimi, binti pekee na nisiye na mume, nikawa ndiye wa kumtunza. Kaka yangu yuko nyumbani Kilimanjaro, analinda kihamba, shamba la migomba alipozikwa mama. Hakuna aliyenilazimisha, lakini pia hakuna aliyeniuliza.

Siku yetu huanza saa kumi na moja na nusu. Namgeuza, namtazama nyonga kama kidonda cha kulala kimetulia, nambadilisha pampasi, namwogesha amekaa kwenye kiti cha plastiki, nampaka mafuta. Uji, vidonge, mazoezi ya mkono. Akishatulia ndipo nakaa kwenye cherehani sebuleni kushona sare za shule, na kila baada ya muda nainuka kumgeuza tena. Asichoke kukaa bure, nilimletea makopo ya skrubu yaliyobaki dukani. Anazimwaga kwenye sinia, anazichambua kwa mkono wa kulia, ndogo huku, kubwa kule. Jioni nazichanganya upya. Hilo analijua na hajali. "Hata dukani wateja walikuwa wanazichanganya," anasema.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama mmoja wa Lindi anayekaanga vitumbua alfajiri, hupanda kila siku saa nne akishamaliza kuuza. Anakaa naye nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo inayoniwezesha kwenda sokoni.

"Shikamoo Mangi," anamwambia, kama mji mzima unavyowaita wenye maduka wa kwetu.

"Marahaba. Umeniletea hesabu yangu?"

"Hesabu gani? Vitumbua nimekula mwenyewe, Wachaga mmeshiba vya watu."

Baba hucheka kwa nusu ya mdomo inayofanya kazi. Nawashukuru wote wawili kwa kicheko hicho, na siku nyingine nakionea wivu, maana mimi hanichekei. Mimi ndiye wa kumkunja mkono mpaka aseme basi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kwetu, Desemba mtu anarudi nyumbani. Ukiwa na duka unafunga, ukiwa na kazi unaomba ruhusa, ukiwa na deni unakwenda nalo hivyo hivyo. Kabla ya kiharusi baba hakuwa amekosa hata mwaka mmoja. Siku ya Krismasi yenyewe anachinjwa mbuzi, na nyama haigawiwi hivi hivi. Kila fungu lina mwenyewe, na baba ndiye mkubwa wa ukoo kwa sasa, kwa hiyo fungu lake linajulikana. Mgonjwa ambaye hawezi kufika hupigiwa simu nyama ikiwa bado haijagawanywa, aseme mwenyewe nani alile fungu lake. Marehemu peke yake ndiye asiyeulizwa. Fungu lake mrithi analichukua, basi.

Desemba ya kwanza baada ya kiharusi, baba hakuwa na habari na dunia. Ya pili ilimkuta akili imerudi, isipokuwa siku. Mambo ya miaka ya nyuma alikuwa nayo yote, mpaka bei za makufuli ya zamani, ila leo na jana vilimponyoka. Kuanzia Oktoba akaanza kuniuliza kama nimekata tiketi. Mazoezi aliyokuwa akiyakataa akawa anayaomba mwenyewe. Akawa anakwenda na mkongojo mpaka chooni, akirudi amelowa jasho, anasema, "Ukiniona hivi, ngazi za basi nitapanda."

Nilimuuliza daktari. Akasema kwa presha ile na kidonda kile, safari ya kutwa nzima hapana. Nikauliza kuhusu ndege. Akasema, dada, mzee asisafiri, tena alilisema kwa upole ulioniudhi zaidi kuliko kama angefoka.

Nilipaswa kumwambia baba siku hiyohiyo. Sikumwambia. Nilijua atanuna, atakataa kula, atakataa mazoezi, na mimi ndiye nitakayekaa na huo mnuno ndani ya vyumba viwili na joto la Dar. Siku ya kwanza ya Desemba akaniuliza, "Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili Novemba."

Jibu lilitoka lenyewe. Nilikusudia kumwambia ukweli kesho yake. Kesho yake akauliza, nikasema ishirini na tatu. Baada ya hapo nikawa nasogeza polepole, na kuna tarehe niliirudia siku tatu mfululizo. Aliridhika. Alikuwa ananiamini, ndiyo sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Uongo wenyewe ulikuwa kazi juu ya kazi. Kalenda niliiondoa ukutani. Redio nikasema imeharibika. Kaka yangu nikampigia, nikamwambia asimpigie baba mpaka sikukuu ipite, maana wakiongea atajua. Akasema, "Dada, na mambo ya mbuzi je?" Nikamjibu kwa ukali kwamba anayemgeuza baba usiku na mchana ni mimi, aniache nifanye ninavyoona. Nilikuwa na haki ya kuchoka. Haki ya kumdanganya sijui kama nilikuwa nayo.

Tatizo kubwa lilikuwa Kariakoo yenyewe. Desemba haifichiki kule. Spika zinapiga kelele kuanzia asubuhi, nguo za sikukuu, viatu vya sikukuu, leo bei ya kutupa, na mikokoteni inapita na mizigo mirefu huku wapagazi wakipiga miluzi. Kwa hiyo nikafunga dirisha la barabarani. Nikamwambia ni vumbi. Feni ikawa inazungusha joto lilelile, na umeme ukikatika tulikaa ndani tunatota jasho, mimi nampepea kwa kadibodi ninayokatia sare. Ngozi ya mgongo ikamtoka vipele. Mimi niliyekuwa najisifu kwa jirani kwamba baba yangu hana hata kipele kimoja, nikawa namchemsha kwa mikono yangu.

Jirani aliniambia mapema. "Mwanangu, mwambie mzee. Mtu mzima haibiwi siku zake."

Nikamwambia, "Mama, ukimwambia wewe, utakaa naye wewe."

Aliendelea kupanda kila siku saa nne, lakini vitumbua akawa anaviacha mlangoni bila utani.

Krismasi nilipika ugali na mchicha ili asishtuke. Nilikaa mezani namtazama anavyolitafuta tonge kwa vidole, nikajisikia vibaya mno, ila sikusema.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilipanda juu ya paa kuanika mashuka. Baba nilimwacha kwenye kiti na sinia lake la skrubu. Mtaa ulikuwa kimya. Maduka ya watu wetu yote yamefungwa, spika zimezimwa, hakuna mkokoteni. Nakumbuka nilisimama na shuka mkononi, nikafurahia huo utulivu. Kichwa changu kilipumzika kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Haikunijia kabisa kwamba na yeye alikuwa anausikiliza. Mtu aliyefunga duka kila Desemba kwa miaka arobaini hahitaji kalenda kujua kwamba Kariakoo ikinyamaza watu wameshakwenda nyumbani.

Nilipotelemka, kiti kilikuwa kitupu. Mlango wazi. Kabati wazi, na koti lake la baridi, koti zito la kuendea nyumbani, halipo.

Nilimkuta kwenye ngazi, karibu na ghorofa ya pili. Alikuwa ameshuka kwa makalio, ngazi moja moja, akijivuta kwa mkono wa kulia. Koti alilivaa mkono mmoja, mwingine unaning'inia. Jirani alikuwa amekaa ngazi ya chini yake, amemkinga kwa mgongo asiporomoke. Suruali ilikuwa na damu pale kwenye nyonga.

"Baba! Unataka kufa?"

Hakunitazama. Jirani ndiye aliyesema. "Ameniuliza leo tarehe ngapi. Nimemwambia. Nisamehe mwanangu, sikuweza."

Niliita wapagazi wawili waliokuwa wamelala kwenye mikokoteni yao kivulini. Walimpandisha kwa kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakimwita mzee wetu, wakimwambia ashike vizuri. Baba aliwashukuru wao. Nilimlaza ubavu, nikaosha kidonda kilichokuwa karibu kufunga na sasa kimefunguka chote. Nilikuwa na hofu na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nikafungua dirisha.

"Mpigie kaka yako," akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Nyuma ya kaka kulikuwa na kelele za watoto na sufuria.

"Mmechinja?" baba akauliza.

"Shikamoo baba. Ndiyo, tumechinja jana."

"Na fungu langu?"

Nikasikia kaka akisogea mbali na watoto. "Nimelichukua mimi, baba."

"Nani kakwambia ulichukue?"

"Hakuna. Dada alisema tusikupigie."

"Sawa," baba akasema. "Wasalimie."

Akanirudishia simu. Nikaanza kujieleza, daktari, presha, kidonda, joto, nikayamwaga yote kwa pamoja kama mtu aliyekamatwa sokoni. Alinisubiri nimalize. Ulimi wake ukichoka unakuwa mzito zaidi, kwa hiyo alizungumza taratibu, na kila neno nililisikia.

"Ungeniambia siendi, ningenuna. Wiki moja, mbili. Halafu ningepiga simu. Fungu lile nilitaka ale mjukuu wa mdogo wangu, yule asiye na baba. Nilishalipanga tangu mwezi wa tisa." Akapumzika. "Mmenirithi nikiwa hai."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Akasema amesamehe, na naamini amesamehe, kwa sababu baba si mtu wa kuweka kitu moyoni. Alikula mchana ule. Jioni aliniruhusu nimkunje mkono bila kulalamika. Kaka alipeleka nyama nyingine kwa yule mtoto kabla ya mwaka mpya, na baba akaambiwa, akasema vizuri.

Miezi mitatu imepita sasa. Kidonda kimefunga tena. Redio inaongea kutwa, dirisha liko wazi, kila jambo namwambia lilivyo, hata wali ukiungua namwambia umeungua. Nachoka vilevile, mgongo unaniuma vilevile, lakini sina tena cha kuficha, na nilidhani hilo lingetosha.

Wiki iliyopita masika ilianza. Mvua ilikuja na upepo, matone yakawa yanaruka mpaka kwenye shuka la kitanda chake, yeye akiwa sebuleni na sinia lake, nikafunga dirisha mbio.

"Kwa nini unafunga?" akauliza.

"Mvua baba. Inanyesha kubwa."

"Ee," akasema.

Akaacha kuchambua skrubu, akakaa ameelekea mlangoni. Nilidhani anataka choo, nikamuuliza, akasema hapana. Saa nne jirani akaingia akitoka kuuza barabarani, na sahani yake ya vitumbua, akamwamkia. Baba hakumjibu kwanza. Alimtazama mabegani, akanyoosha mkono wake mzima, akaushika upindo wa kanga yake, akaupapasa kwa vidole mpaka alipoona umelowa kweli. Ndipo akaitikia marahaba.