Diski ya Harusi Iliyoliwa na Mende

Sijui kwa nini wajukuu wa Nazakat wamenijia mimi. Haidarabadi yetu ya Sindh nzima inamjua babu yao, lakini ati habari zake za kusomwa na watu niandike mimi, ambaye mwandiko wangu ni kama kuku kaparura. Haya. Nitaandika niliyoyaona, na wasije wakaninunia.

Nazakat ni mchafu. Anatafuna tambuu tangu asubuhi, anatema kwenye kopo la rangi chini ya meza, na mara nyingi anakosa kopo. Aliuza kanda, kisha sinema za kunakili, kisha watu wakahamia kwenye simu na mkewe akahamia kwa dada yake Karachi. Yeye akabaki uchochoro wa wauza bangili na kompyuta yake ya Linux, isiyo na picha za kubonyeza, kioo cheusi na herufi tu. Hakuna mwingine anayesoma diski siku hizi, ndiyo maana nilikwenda.

Nilikuwa na diski moja, harusi ya binti yangu Mehrunnisa. Alifariki akijifungua. Mtoto wake, Gulbano, anaolewa sasa, na hajawahi kuisikia sauti ya mama yake.

Nazakat akaishika kwa vidole vyekundu, akaifuta kwenye suruali yake. Nikafumba macho.

"Dada Sughra, nani kabandika karatasi hii?"

"Mimi. Niliandika jina la bibi harusi."

"Kwa gundi gani?"

"Unga na maji. Sote tulibandika hivyo."

"Basi umewapikia mende, dada. Tazama walivyokomba."

Kweli, karatasi ilikuwa imetafunwa, na chini yake rangi ya dhahabu imebanduka vipande vipande, na vinyesi vyeusi vimeganda.

"Kama ni CD," akasema, "harusi ilikaa hapa juu, na mende wameshaila. Kama ni DVD, imebanwa katikati ya plastiki mbili."

"Si imeandikwa DVD? Japani, imeandikwa. Tufail mpiga video aliapa mbele yangu."

"Usoni huandika yeyote mwenye rangi. Kiwanda huacha alama yake ndani, na hiyo haiapi."

Akaiingiza, akachapa mstari mmoja. Herufi zikamwagika.

"DVD," akasema. Nikakaa chini. "Lakini hiyo Japani haipo. Alama ni ya kiwanda kingine kabisa, na diski zake nazijua, zinaoza."

"Tufail alikula biriani kwangu siku ile," nikasema. "Alirudia sahani."

"Alipaka uso mzuri juu ya takataka. Anafaa kuoza nayo," akasema Nazakat, akatema. Akakosa kopo.

Akainakili taratibu. Diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na uozo ulianzia ukingoni. Usiku wa hina ukatoka wote: Mehrunnisa anaimba, anawakejeli wakwe zake, anacheka. Kumuaga mwisho wa harusi, alivyonikumbatia mlangoni, hakuna. Mistari ya kijivu tu. Gulbano ameshaisikia sauti, lakini ananiuliza mama yake alisema nini akiondoka, nami nililia mno siku ile, sikusikia.

Tufail aligawa nakala kwa upande wa bwana harusi. Wewe unayesoma, kama iko kwenu, ilete kwa Nazakat, uchochoro wa bangili, kabla ya harusi ya Gulbano. Usimpe mtu. Ilete mwenyewe.