Kengele ya Kwanza ya Stesheni ya Kisimani

Walisema sitafika hata Voi. Hayo yalisemwa Kuze, mtaani kwetu, barazani kwa Mzee Khamis kinyozi, mbele yangu, wakati ninanyolewa, yaani wakati ambapo mtu hawezi kugeuza kichwa akajibu. "Huyu," alisema Mzee Khamis, wembe uko shingoni mwangu, "akikosa tui siku mbili atarudi kwa miguu akifuata reli." Binamu yangu Swaleh akaongeza kwamba asiyeweza kushinda na viatu kutwa hawezi kuwa karani wa reli. Nayaandika haya mwanzo ili msomaji ajue tangu sasa kwamba Voi nilifika, nikaipita, na leo nina shahada yenye muhuri mwekundu.

Sababu ya kuondoka ilikuwa kiti. Vita vilikuwa vimekwisha punde, nami kazi yangu ilikuwa kupeleka kofia alizoshona shangazi yangu, Bi Mwanaidi aliyenilea, hadi Stesheni ya Kisimani upande wa Makupa, zikapandishwe gari la moshi kwenda kuuzwa bara. Mkuu wa stesheni, Bwana Karsan, mtu mpole mwenye miwani ya uzi, aliniona miaka miwili nimekaa juu ya vifurushi nikimtazama anavyopiga simu kwa ile mashine ya nukta na mistari. Siku moja akaniambia, "Nenda chuo cha reli Nairobi. Ukija na shahada nitakuombea kiti cha pili humu ndani. Usipokuja nayo, vifurushi vipo, endelea kukalia."

Kabla ya kuondoka sharti nieleze stesheni yenyewe, maana wengi wa Kuze waliiona kuwa kibanda tu. Ilianza ikiwa kisima. Wajenzi wa reli walikichimba wapate maji ya injini, wakayakuta ya chumvi, na wazee husema injini ya kwanza iliyoyanywa ilikohoa mpaka Changamwe. Maji ya bomba yalipokuja kisima kikafukiwa, jina likabaki, na juu yake pakajengwa chumba cha mabati chenye dirisha la tiketi, bao la kukalia, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kigongwe kuwa kengele. Huduma zake hazikuwa haba. Palikuwa na simu, tiketi, mtungi wa maji ya kunywa, na mizani ya vifurushi ambayo akina mama wa Kuze na Makupa waliitumia kupimia watoto wao kila Jumamosi. Bwana Karsan aliwaandikia uzito kwenye karatasi za mizigo. Nimewahi kuona mtoto ana risiti.

Kuze, siku tatu kabla ya safari, niligundua kuwa sina cha kusafiria. Basi wale wale walionicheka ndio walioniazima. Mzee Khamis alitoa koti lake la sufu. "Koti hili lilikwenda Unguja na Lamu likarudi," akasema. "Usije ukanirejeshea likiwa peke yake." Swaleh alitoa viatu, huku akinionyesha jinsi ya kuvifunga, jambo nililolijua. Shangazi alitoa sanduku lake la bati la harusi, na Bwana Karsan akanipa saa ya mfukoni. Hapo nikaapa barazani kwamba sitarudisha hata kifungo mpaka nikalie kile kiti, na nikishindwa watu wavione vitu vyao na mimi wasinione tena. Kiapo kikubwa kuliko umri wangu, lakini kilikuwa kimekwisha kunitoka.

Saa kumi alasiri, siku ya kuondoka, tulifika Kisimani sote. Nyumbani nilikwisha kufukizwa udi na kupitishwa chini ya msahafu. Lakini kwetu Kuze msafiri haachwi mpaka aonekane amekaa vizuri, na akishakaa husomewa dua. Gari lilipofunga breki, Shangazi, Mzee Khamis na Swaleh wakaingia nami katika behewa la daraja la tatu, wakanikalisha, wakainua mikono. Mzee Khamis hakuwa msomaji wa haraka. Aliwaombea wazazi wangu, waliozikwa Kuze wote, na wenye safari kwa bara na bahari. Gadi akapuliza kipenga. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu nani atainuka katikati ya dua? Walipoitikia amina ya mwisho na kupangusa nyuso, daraja la Makupa lilikuwa nyuma yetu.

"Mbona miti inakwenda?" Shangazi akauliza.

"Si miti, Bi Mwanaidi," alisema Mzee Khamis. "Ni sisi."

Mazeras, kituo cha kwanza gari lile liliposimama, niliwashusha wasindikizaji wangu. Stesheni masta wa pale alicheka akaahidi kuwarudisha kwa gari la mizigo la jioni. Nilipotazama dirishani Shangazi alikuwa ananipungia buibui kama mtu aliyezoea safari, na Swaleh anatembea pekupeku juu ya kokoto za moto, viatu vyake viko miguuni kwangu.

Nairobi, asubuhi ya pili yake, nililijua thamani ya koti. Nilipokewa na Mzee Ouma, fundi wa injini aliyejuana na Bwana Karsan, nikakaa kwake katika nyumba za wafanyakazi. Jioni mkewe aliweka ugali na mboga za kienyeji.

"Huko kwenu mnakula nini?" Mzee Ouma akaniuliza.

"Wali wa nazi, na mchuzi wa nazi, na maharagwe ya nazi."

"Hapa, kijana, nazi ni hiyo iliyo juu ya shingo yako. Itumie."

Niliitumia mwaka mzima. Nilijifunza simu, bendera, taa, na kile kipande cha chuma ambacho dereva asipokabidhiwa haruhusiwi kuingia njia moja inayotumiwa na magari ya kwenda na ya kurudi. Siku ya mtihani mwalimu aliuliza ni nini hatari kubwa ya stesheni ndogo. Wenzangu waliandika ng'ombe, moto, mvua. Mimi niliandika: wasindikizaji. Nikaeleza kwa kurasa mbili. Nilitoka wa pili, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa anarudia mtihani.

Kisimani, asubuhi ya kurudi, niliteremka na sanduku, koti mkononi, shahada kwapani, nikakuta mbuzi mmoja. Kuze nzima ilikuwa imekwenda kunipokea stesheni kubwa ya mjini, kwa kuwa Mzee Khamis aliwaambia kwamba msomi hawezi kuteremka kibandani. Bwana Karsan alitoka, akaitazama shahada mbele na nyuma. "Nzuri," akasema. "Kiti umekipata kwa majaribio, miezi mitatu. Mkaguzi akikuta gari limecheleweshwa hapa kwa uzembe wako, utarudi kwenye vifurushi." Basi vitu vya watu sikuvirudisha bado.

Mwezi wa tatu, siku chache kabla ya majaribio kwisha, Mzee Khamis mwenyewe alikata tiketi ya kwenda kumwona binti yake Voi. Nilijua maana yake. Kuze nzima ingekuja kumkalisha behewani, na yeye ndiye angesoma dua yake mwenyewe. Siku hiyo simu kutoka mjini ikaniambia kwamba mkaguzi yumo katika gari lilo hilo. Nikiwafukuza wasindikizaji, ningekuwa mtu aliyemkatiza dua mzee aliyeniazima koti. Nikiwaacha, gari lingechelewa, au lingewachukua watu thelathini hadi Mazeras, na kiti changu kingekwenda nao.

Nusu saa kabla ya gari kufika nilitoka nje nikagonga kile kipande cha reli.

"Gari limekuja?" watu wakainuka.

"Bado. Hii ni kengele ya kwanza, ni ya dua. Mzee Khamis, kaa hapa baoni, vizuri, kama uko behewani. Ya pili ni ya gari, na baada yake anapanda mwenye tiketi tu."

Mzee Khamis alibaki amesimama. "Sasa unanipangia saa ya kumwomba Mungu?"

"La, Mzee wangu. Nakupangia saa ya gari, ili dua yako isifupishwe."

Akatafakari, akakaa, akainua mikono. Aliomba mpaka nikaogopa hata nusu saa haitoshi. Amina ya mwisho na mlio wa injini vilikutana. Nikagonga ya pili, akapanda mtu mmoja, nikampungia gadi bendera ya kijani, na saa ya Bwana Karsan ikaonyesha hatukuchelewa hata dakika. Mkaguzi alitoa kichwa dirishani akauliza kengele mbili ni za nini. Bwana Karsan akamjibu kabla yangu, "Ni huduma mpya ya stesheni hii."

Barua ya kunithibitisha ilikuja Ijumaa moja ya kaskazi, jua limesimama utosini, na Mzee Khamis alikwisha kurudi kutoka Voi. Nilianza kurudisha vya watu papo hapo ofisini, kwa ile saa. Bwana Karsan aliipokea, akaitia ufunguo, akanisogezea kiti. Kisha nikaingia Kuze nimevaa viatu vya Swaleh, sanduku kichwani, na koti la sufu limefungwa hadi kooni, jasho likinitiririka, kwa kuwa niliambiwa lisirudi peke yake.

Mzee Khamis alinizunguka, akavihesabu vifungo. "Limerudi na mtu," akawaambia walioketi, na hakuna aliyecheka. Swaleh alivaa viatu vyake pale pale, akalalamika kwamba nimevipanua.

Nilikwenda nyumbani pekupeku, mchanga ukiniunguza, nami nimejifunza kwamba anayekucheka akakuazima ni bora kuliko anayekusifu mikono mitupu. Shangazi alilipokea sanduku, akalifungua, na badala ya kulisukuma uvunguni akaanza kupanga nguo zake ndani.

"Ile Mazeras niliiona nusu," akasema. "Kesho kengele ya kwanza unaigonga saa ngapi?"