Nyongeza ya Chumvi

Mashtaka niliyaandika mwenyewe, kwa Kireno changu cha darasa la saba: wifi yangu anavuka Ruvuma na chumvi ya Mtwara, anaiuza hapa Olumbi chini ya bei ya huko inakotoka, na mimi ninayetengeneza chumvi hapahapa ninakufa. Sikuandika kwamba anacheka vizuri. Sikuandika kwamba mama mkwe humwekea kiti kivulini, na mimi nikipita na ndoo kichwani siulizwi hata nimeamkaje. Mambo hayo hayana nafasi kwenye karatasi ya kamati ya soko.

Uwanda wa chumvi aliniachia mama yangu. Maji ya bahari yakitoka tunakwangua udongo wa juu, tunauchuja kwa maji, tunachemsha yale maji mpaka sufuria ibaki na chumvi ya kijivu, ya punje kubwa, inayoshika samaki barabara. Tuliporudi kutoka ukimbizini nyumba haikuwepo, mnazi haukuwepo, uwanda ulikuwepo. Ndio ulionisimamisha tena.

Kisha akarudi wifi, baada ya ndoa ndefu huko Mtwara, na magunia ya chumvi nyeupe, laini kama unga. Akapewa meza inayotazamana na yangu. Haikupita miezi mingi nikawa narudi nyumbani na chumvi ileile niliyotoka nayo. Nikazima moto wa sufuria. Nilijua nikiuacha uwanda msimu mmoja tu, wengine watauingia kwa haki yao, maana uwanda ulioachwa ni wa atakayeuwahi, nami nitabaki kuomba unga kwa mama mkwe huku wifi ananitazama. Ndiyo maana niliomba kamati itoze ushuru wa ziada kila gunia linalotoka ng'ambo.

Msemaji wa kamati alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa alfandega, ofisi ya forodha, mpakani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliyasoma mashtaka yangu mara mbili.

"Sisi hatuamui nani mbaya," aliniambia. "Tunauliza matatu. Anauza hapa chini ya bei ya kwao? Wewe umeumia? Na kuumia kwako kumetokana na hilo, au na jambo lingine? Ukikosa moja, huna kesi."

Nikaona matatu ni machache.

Alimtuma dereva wa lori akanunue kopo moja la chumvi sokoni Mtwara, ailete ilivyo, pamoja na nyongeza atakayopewa. Yeye mwenyewe akaja uwandani kwangu, akashika majivu ya jiko kuona yamepoa tangu lini. Akahesabu magunia yangu yaliyolala. Akazungumza na wanunuzi. Siku moja alikuja na mfuko wake kununua kwangu, nami nikampimia, nikidhani ni mteja wa kupita tu kwa siku hiyo. Nilimwona yuko upande wangu kabisa.

Siku ya kusikilizwa tulikusanyika bandani mwa soko asubuhi. Juu ya meza palikuwa na mafungu matatu ya chumvi: la Mtwara, la wifi na langu. Mzee akasema bei ya kopo la wifi ni sawasawa na ya Mtwara.

"Ila kuna nyongeza," akaendelea.

Huku kwetu kopo likishajaa muuzaji humwongezea mnunuzi kidogo kwa mkono, na anayenyimwa huhesabu ametukanwa. Muuzaji wa Mtwara alikuwa ametoa chopa dogo la ncha za vidole. Wifi alikuwa akitoa magao mawili, viganja viwili vilivyojaa. Mjumbe mmoja akapinga, akasema nyongeza ni mapenzi, si bei.

"Kilichoingia kwenye mfuko wa mnunuzi kimeuzwa," mzee akamjibu.

Basi ikapimwa na nyongeza yake, na ikaonekana wifi anauza hapa chini ya kwao. La kwanza likapita. Majivu yangu yaliyopoa yakapitisha la pili. Nikamtazama wifi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa hacheki, na nisiseme uongo, niliona raha mwili mzima.

Ndipo mzee akavuta fungu langu mbele. Lilikuwa kopo la kupimwa tu, bila hata punje ya juu.

"Mwezi huu umempa nani nyongeza?"

"Wateja wangu wote."

Akamwita mama mkwe. Alisimama, akajifunga kanga upya, wala hakunitazama.

"Nilinunua kwake chumvi ya samaki," alisema. "Mkononi nilikuwa na mfuko kutoka kwa binti yangu. Akauona. Akalifuta kopo kwa kiganja mpaka chumvi ikalingana na mdomo, akanimiminia, akageukia kwingine. Mimi, mkwewe."

Ni kweli. Nilimfanyia yeye, na niliwafanyia wote waliopita kwanza mezani kwa wifi, hata waliomsalimia tu. Niliwatazama toka mbali nani kaanzia wapi, na kiganja changu kilikuwa tayari. Mzee naye siku ile alikuwa ameanzia kwa wifi makusudi.

Akamalizia taratibu. Wavuvi wa kisiwa cha Rongui hawatii samaki chumvi laini, haiwafai. Hawajanunua kwa wifi hata kopo moja. Na bado wameniacha, wanaagiza chumvi ya kijivu vijiji vingine. "Hao nani kakunyang'anya?" aliuliza. Nilikitazama kiganja changu. La tatu likaanguka, na ushuru ukaanguka nalo.

Nje ya banda wifi alinishika mkono. "Wifi, mimi nilikuwa naongeza sana kwa sababu watu walikuwa wamenisahau," alisema. "Ungeniambia tu." Angenitukana ningepona upesi. Wema wake ulinizidishia gere, nikautoa mkono wangu nikijifanya natafuta kanga.

Siku ya tatu niliwasha moto. Chumvi ya kwanza iliyotoka niliifunga kwenye kitambaa, magao mawili yaliyojaa, nikampelekea mama mkwe nyongeza yake. Alikuwa amekaa na wifi. Akafungua chupa yake ya chumvi, ile nyeupe ya bintiye, akamimina yangu humohumo, akakoroga kwa kijiko.

"Haya," alisema, "sasa ni ya nyumba moja. Kaa."

Nikakaa. Wifi akanisogezea chai, akanisimulia jambo, nami nikaitikia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile chupa, nikihesabu punje za kijivu, nikitazama kama zimezidi nyeupe.