Kokushubila, Mtu wa Kugeuza Vitu

Asubuhi ya mwisho waliyokula pamoja, wote wazima, Kokushubila alimenya ndizi akiwa amekaa kwenye kigoda kisicho na miguu. Miguu ilikatwa na mumewe, Protase. Kigoda kilikuwa kikiyumba. Akapunguza mguu mmoja, kikayumba upande wa pili; akapunguza mwingine, na mwingine, hadi kikabaki sinia.

"Ungekigeuza tu, kingekaa," mke alisema siku ile. Hakusikilizwa.

Ndivyo walivyoishi hapo Muleba, miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwingereza akiwa bado anatutoza kodi ya kichwa. Mume mtu wa kukata, mke mtu wa kugeuza. Kuku akigoma kuatamia, mke aligeuza kikapu, kuku akatulia. Binti yao Jovita akilia usiku, alimgeuza, miguu ikaenda kwenye mto, akalala. Mke hakuwa na maneno mengi.

Asubuhi hiyo Protase alikuwa akinoa kisu. Alitaka kuuchonga upya upinde wake.

Upinde huo aliutengeneza mwenyewe ujanani, nusu ya chini ngumu kidogo kuliko ya juu, kwa sababu alivuta uzi kidole kimoja kikiwa juu ya mshale na viwili chini yake. Ulimtii miaka mingi. Kisha panga la kupogolea mibuni likamkata kidole cha shahada. Kilipona, lakini kikakataa kabisa kukaa juu ya mshale. Akaanza kuvuta kwa vidole vyote vitatu chini ya mshale. Hapo nusu mbili za upinde zikaacha kuelewana, na mshale ukawa unatoka umeinua mkia kama ndama.

Ulitoboa kibuyu cha pombe ya jirani. Uliua kuku wa Protase mwenyewe. Tumbili walioiba ndizi wakagundua mahali salama shambani: walikaa palepale alipolenga, wakala.

Siku hiyo wawindaji wa nguruwe mwitu walikuwa wanakuja kumpima. Akikosa shina la mgomba, basi. Atatembea nyuma na watoto, akitingisha njuga za mbwa. Na yeye ni mwindaji, mwana wa mwindaji.

"Baba Jovita, usikate. Geuza, chini iwe juu."

"Upinde una kichwa na miguu, mama. Umeona wapi mtu anatembea kwa kichwa?"

"Nimeona mtu anakalia sinia."

Protase akatoka kunawa. Upinde aliuacha ukining'inia ukutani bila wasiwasi, maana katika nyumba ile mwanamke hakuruhusiwa kuugusa. Ncha zake zilifanana. Ya juu aliijua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu.

"Protase!" Rugemalira, mkuu wa wawindaji, aliita uani, Protase akiwa ndiyo kwanza anarudi ndani. "Toka, tumekuja kuona mbingu ikitobolewa!"

Hakukuwa tena na nafasi ya kuchonga. Akaunyakua upinde, akatoka.

Kule shambani watu wote walikwenda kujibanza kwenye shina la kulengwa.

"Sogeeni, waitu, ndugu zangu," Rugemalira aliwaambia, ameliegemea. "Hapa tu ndipo mshale wake haufiki." Mzee Byarugaba akaketi chini yake, akawasha kiko.

"Ondokeni hapo!" Protase alipiga kelele.

"Twende wapi? Unataka tufe?"

Protase akavuta, akaachia. Mshale ulinyooka. Ulipita chini ya kwapa la Rugemalira, ukaishona kanzu yake kwenye mgomba. Byarugaba alionekana baadaye juu ya mbuni usiomzidi kimo. Rugemalira hakutikisika.

"Amepita," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, nichomoeni. Amepita."

Njiani kurudi Protase aliutazama upinde. Ngozi ya mshikio, iliyolika siku zote upande wa juu, ilikuwa imelika upande wa chini.

Alimkuta mkewe amelala, homa inamtetemesha. Nguruwe waliwindwa baada ya maziko yake. Protase alikwenda, na hakukosa. Upinde bado unaning'inia vilevile, kichwa chini. Hajaugeuza.

Jioni ile ya kupimwa, kabla homa haijamzidi mkewe, Protase alimuuliza nani alishika upinde. Kokushubila alifunika mdomo kwa kiganja, kama alivyocheka siku zote, akasema:

"Sikuugusa, baba Jovita. Nilivaa jani la mgomba mkononi, kama mtu anayeepua chungu cha moto."